Gari Dogo Kwenye Meza ya Chakula

Wengi wetu tumewahi kuwafokea watoto wa kiume kwa sababu ya takataka wanazojaza uani: vipande vya waya, visoda, mikebe ya mafuta ya kupikia, kandambili zilizokatika. Kisha jioni unaziona takataka zile zile zikipita barabarani, zina magurudumu manne, usukani mrefu wa waya na taa za visoda, na mwenyewe anakimbia nyuma yake akinguruma kwa mdomo. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kuunda magari madogo ni jambo geni kwetu. Lililotushangaza sisi ni kuliona likifanywa na mtu mzima wa miaka 52, baba wa watoto wanne, dereva wa trela kwa zaidi ya miaka ishirini, ameketi kwenye meza ya chakula na kibano mkononi, akibandika kioo cha pembeni ambacho ni kidogo kuliko punje ya hindi.

Mtu huyo ni baba watoto wetu. Na tukiri mapema kwamba tulianza kwa kulipinga jambo lenyewe.

Kimya ndani ya nyumba

Kazi yetu ni uuguzi, na kila mwezi baada ya ibada tunajitolea pamoja na akina mama wengine kuwapima watu presha kwenye ukumbi wa kanisa. Tunawaambia wazee wameze dawa kila siku, wapunguze chumvi, wasingoje kuumwa kichwa. Wakati huo wa kwetu wa nyumbani alikuwa akimeza dawa anapokumbuka, na akiwa safarini hakumbuki. Alfajiri moja, akijiandaa kwenda Mombasa kuchukua lori, aliketi kitandani kufunga viatu na mkono wa kushoto ukakataa. Mdomo ulikuwa umepinda. Tuliujua ugonjwa kabla hajasema neno.

Mungu alitusaidia, kiharusi hakikuwa kikubwa. Usemi ulirudi upesi, na baada ya wiki chache alitembea kwa fimbo. Lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito. Vidole viliweza kufumba, havikuweza kubana kitu kidogo kati ya gumba na kidole cha shahada, na ngozi ya mkono ule haikusikia vizuri joto wala maumivu. Daktari alisema kuendesha trela kumekwisha.

Msomaji mpenzi, kama hujaishi na dereva huwezi kujua neno hilo lilikuwa na uzito gani. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha linalotazama barabara ya Nairobi, akawa anahesabu malori. Hakugomba, hakulalamika. Mtaalamu wa tibaviungo alimpa mpira wa kuminya mara mia kwa siku, naye akauminya siku nne kisha tukaukuta chini ya kochi. Sisi tunajua kwamba takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hushikwa na sonona, na kwamba sonona si uvivu wala ukosefu wa imani. Tunalijua kwa kulisoma na kwa kuwahudumia wengine. Mbele ya mume wako mwenyewe elimu hiyo inateleza, unabaki kusema, "Lakini Baba, mpira si uuminye tu?"

Kijana wetu wa pili, wa kidato cha tatu, alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Hakuwa na tabia mbaya. Hakuweza tu kumwangalia baba yake.

Sanduku la mpwa

Mwezi wa tano wa ugonjwa alikuja mtoto wa dada yake, anayefanya kazi Uingereza. Zawadi zetu sisi zilikuwa sabuni na majani ya chai. Ya mjomba wake ilikuwa sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya gari jekundu lenye boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Ndani hakukuwa na gari. Kulikuwa na fremu za plastiki, na juu ya kila fremu vimeshikamana vipande vingi: viti, usukani, rimu, ekzosi, bampa, kila kimoja na namba yake. Bei yake alituambia kwa mzaha, nasi hatukucheka. Ukijumlisha gundi, brashi na rangi zilizonunuliwa baadaye, ilipita shilingi 7,000. Tulikwenda jikoni tukagonga masufuria kidogo.

Baba yeye alilishika sanduku muda mrefu. Akasema, "Hii ni ile Datsun ya mzee."

Hapo inabidi tuwaeleze wale walio wadogo. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakiandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Miaka ile ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa familia nyingi za kando ya barabara, Pasaka ilikuwa na mambo mawili: ibada, na kusimama kwenye vumbi kungoja magari. Mwaka 1971 mshindi alikuwa Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller, kwa Datsun 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta kwa gari la aina hiyo hiyo. Mehta naye alishinda kwa 240Z mwaka 1973, kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baba mkwe wetu, marehemu sasa, alikuwa fundi wa magari, na habari za Datsun ile aliwasimulia wanawe mpaka wakazijua kama hadithi za sungura na fisi. Mpwa alizipata kutoka kwa mama yake. Ndiyo sababu alichagua sanduku lile kati ya mengi.

Kazi hii ilitoka wapi

Ni vizuri tujue kwamba wenzetu wa nchi nyingine hawaoni haya kuifanya. Uingereza kampuni ya Airfix, iliyoanzishwa London mwaka 1939 na Nicholas Kove, ilitoa trekta dogo la Ferguson mwaka 1949. Marekani kampuni ya AMT, ya jimbo la Michigan, ilianza kwa kutengeneza magari madogo ya kuonyeshea wateja kwenye maduka ya magari, na mwaka 1958 ikatoa masanduku ambayo mtu aliweza kuunda gari lile lile kwa namna tatu: kama lilivyotoka kiwandani, la kupambwa, au la mashindano. Japani ndiko kazi ilikonolewa hasa. Katika mkoa wa Shizuoka kuna kampuni mbili mashuhuri, Hasegawa, iliyotengeneza Datsun yetu, na Tamiya, iliyoanza mwaka 1946 kama kiwanda cha mbao. Hao Tamiya, walipotaka kutengeneza Porsche 934 iliyotoka mwaka 1976, walinunua gari halisi la Porsche 911 wakalifungua lote ili wapime kila kipande. Habari hiyo kijana wetu alimsomea baba yake, naye aliipenda kuliko zote. Alisema, "Hao ni mafundi, si wauzaji."

Vipimo vyenyewe havina uchawi. Datsun yetu ni ya 1/24, maana yake kila sentimita 24 za gari halisi zimekuwa sentimita moja. Gari lile lilikuwa na urefu wa mita 4 na kidogo, kwa hiyo la mezani lina sentimita 17 hivi, karibu urefu wa mkono kutoka kifundo hadi ncha ya kidole. Wamarekani wanapenda 1/25.

Damu kwenye kitambaa cha meza

Mpwa alikaa siku tatu akamwonyesha mjomba wake kazi, kisha akarudi zake. Vipande havinyofolewi kwa vidole, hukatwa kwa koleo ndogo, kisha kibaki kile kilichokuwa kimeshika fremu hukwanguliwa kwa kisu chenye wembe mwembamba na kusuguliwa kwa msasa. Kabla ya hayo fremu nzima huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani na mafuta yanayozuia rangi kushika. Hiyo kazi ya kuosha tulipewa sisi. Tuliifanya kwa kununa.

Juma la pili tulirudi kutoka zamu ya usiku tukakuta matone ya damu kwenye kitambaa cha meza, na baba ameinama anaendelea kukwangua mlango wa gari. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kimechanika na yeye hakuwa na habari. Alikuwa anatumia aspirini aliyopewa hospitali, kwa hiyo damu haikuwa na haraka ya kuganda. Tulimfunga kidonda, kisha tukafanya jambo tunalolijutia: tulikusanya fremu, kisu, koleo na sanduku lenyewe tukaviweka juu ya kabati, tukamwambia, "Basi, mchezo umekwisha." Hakujibu. Alirudi kwenye kiti cha dirishani.

Alikaa hapo siku mbili. Siku ya tatu tulisimulia jambo hilo kazini, tukitafuta kuungwa mkono, mbele ya dada mmoja wa tiba-kazi. Yeye aliuliza jambo moja tu: tangu lini mgonjwa huyu ametumia mkono wa kushoto kwa saa nzima bila kuhimizwa?

Akina mama, tuliona haya. Sisi ndio tunaojua kwamba baada ya kiharusi ubongo hujifunza upya kwa kurudia rudia, na kwamba kurudia kwenye maana humshika mtu kuliko kuminya mpira unaoangalia ukuta. Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa, ingawa mkono unaweza kuendelea kupata nafuu hata baadaye. Sisi tulikuwa tumeyafungia mazoezi juu ya kabati.

Vitu vikashuka, lakini kwa masharti. Mkono wa kushoto haushiki tena kitu chochote kilicho chini ya wembe. Kipande kinachokatwa hubanwa kwa vibanio vya nguo vilivyopigiliwa kwenye ubao, na kisu hushikwa na mkono wa kulia tu, kikielekezwa mbali na mwili. Mkono wa kushoto ukapewa kazi zisizokata: kusugua kwa msasa wenye maji, kushika kibano, kugeuza boneti wakati wa kupaka, kufungua vikopo. Taa ikasogezwa, miwani ya kusomea ikanunuliwa. Na kila nusu saa husimama na kutembea hadi mlangoni, maana mguu nao unataka haki yake. Kidonge cha presha kipo pale pale mezani karibu na gundi, na asubuhi hashiki kisu kabla hajakimeza. Wala mtu asidhani kwamba gari la plastiki lilichukua nafasi ya kliniki. Kila Jumatano alikwenda tibaviungo kama kawaida.

Gundi, tina na watoto

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ukweli ni kwamba kazi hii ina sumu ndani yake, na anayebaki nyumbani na watoto ni mama.

Gundi ya plastiki haifanyi kazi kama ile ya kubandika bahasha. Huyeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, zikashikana zikawa kitu kimoja. Kinachoyeyusha plastiki ni vimiminika vikali vinavyopaa hewani, na ukivivuta vinapanda kichwani. Sisi tunaoishi karibu na miji yetu tumewaona watoto wa mitaani na chupa za gundi ya fundi viatu chini ya pua. Marekani nao waliona watoto wakivuta gundi za magari haya katika miaka ya 1960, hata mtengenezaji mmoja akaanza kuchanganya mafuta ya haradali ili harufu iwachukize. Kwa hiyo gundi na rangi zetu hulala kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao baba. Dirisha hufunguliwa pande mbili hewa ipite. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa namna hii, inazuia vumbi tu. Mama mjamzito na mtoto mwenye pumu wasikae chumba kimoja na rangi inayopulizwa. Mshumaa, jiko la makaa, hata jiko la gesi viwe mbali, maana mvuke huo unashika moto.

Rangi zenyewe ni za aina tatu. Zipo za akriliki, ambazo nyingi hutengenezwa kwa maji na harufu yake ni ndogo. Hizo ndizo tunazowashauri wanaoanza na wenye watoto. Zipo za mafuta, ambazo hukauka polepole na brashi yake husafishwa kwa tina au tapentaini. Na zipo kali za kupuliza, ambazo hukauka upesi na harufu yake ndiyo mbaya kuliko zote.

Tina isitiwe kamwe kwenye chupa ya soda. Tumewapokea watoto waliokunywa mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo, na tina ni ndugu yake. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe. Kinachotapishwa huingia kwenye mapafu na huko ndiko kinakoua. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue chupa uende nayo.

Iko pia ile gundi ya kukauka kwa sekunde, supagluu. Vidole vikishikana usivivute kwa nguvu, ngozi itatoka. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na uvitenganishe polepole kwa kuvisokota. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha inasaidia kwenye vidole, lakini isikaribie jicho. Kope zikishikana usizifungue kwa lazima, osha kwa maji ya uvuguvugu na umpeleke mgonjwa akaonwe. Na jambo ambalo wengi hawalijui: gundi hii ikimwagika kwenye nguo ya pamba hupata joto kali ghafla, inaweza kuunguza. Usiifute kwa pamba wala kwa khanga.

Wembe uliotumika tunautia kwenye mkebe wenye tundu dogo kifunikoni, kama tunavyofanya na sindano hospitali. Na vipande vidogo vya plastiki visisogezwe karibu na mtoto anayetambaa. Mjukuu akija, meza hufunikwa.

Rangi

Sasa tufike kwenye rangi, ambako ndiko tulikoshindwa na ndiko tulikopenda.

Mpwa hakuweza kuja na makopo ya kupuliza, maana ndegeni hayaruhusiwi. Tulinunua kopo jekundu na jeusi kwenye duka moja la vipuri, rangi ya kugusia magari halisi. Lile jekundu lilikubali, kwa sababu bodi lilikuwa limepakwa rangi ya msingi ya kijivu. Kwenye boneti kijana alikuwa na haraka, akapuliza nyeusi moja kwa moja juu ya plastiki. Baada ya dakika chache boneti ilikunjamana kama utando wa maziwa yaliyochemka. Rangi ya magari ni kali, inaila plastiki isiyofunikwa. Kijana alisimama pale macho yamemjaa machozi, akingoja kufokewa.

Baba aliichukua boneti akaigeuza geuza. Akasema, "Lete msasa." Wakaisugua wawili, siku nne, wakianza na msasa mkavu wa kukwaruza na kumalizia na ule laini wa maji, mpaka ikawa laini kama sahani. Kisha rangi ya msingi, siku nzima kukauka. Kisha nyeusi, safari hii kwa tabaka nyembamba sana, ya kwanza kama umande tu, ya pili baada ya robo saa, ya tatu ndipo ikafunika. Siri yote ya kupuliza ni hiyo: mkono usisimame, uanze kupuliza kabla ya kufika kwenye gari na uachie baada ya kupita. Ukisimama hutiririka. Ukipuliza siku ya mvua rangi hupata ukungu mweupe, ndiyo maana tulifanya saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda na upepo haujaanza.

Ni katika siku zile nne za msasa tulipoyasikia maneno ambayo yangetugharimu miezi kuyapata kwa njia nyingine. Tulikuwa jikoni tunachambua mboga. Wao macho yao yako kwenye boneti, hakuna anayemtazama mwenzake. Kijana akauliza, "Baba, siku ile ulipoanguka, uliogopa?"

Msasa haukusimama. Baba akasema, "Niliogopa. Si kufa. Niliogopa nitawaachia mzigo wa kunibeba."

Kijana akasema, "Hatujakubeba bado. Unasugua upande wako, mimi wangu."

Hatukutoka jikoni. Mboga ile tuliichambua mara mbili.

Baada ya rangi zikaja chapa. Hizo ni karatasi nyembamba zenye namba 11 na majina ya wadhamini. Hukatwa moja moja, hulowekwa kwenye maji nusu dakika, kisha huteleza kutoka kwenye karatasi yake hadi mlangoni pa gari, nawe unaisogeza kwa ncha ya brashi iliyolowa. Ikikunjika ndani yake yenyewe imekwenda. Namba 11 ya mlango wa kushoto baba alitaka kuiweka kwa mkono wa kushoto. Tuliweza kumzuia, hatukumzuia. Ilimchukua dakika arobaini na shati ililowa jasho mgongoni. Imekaa mshazari kidogo ukiangalia kwa makini. Kijana alitaka kuirekebisha, akakatazwa.

Vioo navyo vina hila yake. Usivibandike kwa supagluu, mvuke wake huvitia ukungu mweupe usiofutika. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ile ile ya shuleni. Ikikauka haionekani.

Jambo la fedha

Tusidanganyane, kazi hii inakula pesa. Watu wa Uingereza na Marekani wanaoipenda wana utani wao kwamba masanduku yasiyofunguliwa huzaana chini ya kitanda, na kwamba mke asijue yako mangapi. Mpwa alituambia hivyo akicheka, sisi tukatega sikio. Nyumbani kwetu tumekubaliana kwamba sanduku jipya haliingii mpaka la kwanza limalizike, na brashi huoshwa siku hiyo hiyo ili zisinunuliwe kila mwezi. Msasa ni wa duka la vifaa vya ujenzi, kibano ni cha nyusi cha binti yetu, alichokitoa kwa shingo upande. Asiye na uwezo wa sanduku la Japani anaweza kuanza na waya na mikebe kama watoto wetu. Mgonjwa mmoja tunayemtembelea na akina mama wa kanisa, aliyepata kiharusi kama cha baba, anaunda matatu kwa maboksi ya dawa na gundi ya unga. Upinde wa mkono wake si mdogo kuliko ule wa plastiki ya Shizuoka, na pengine matatu yake yana rangi nyingi zaidi.

Majirani walisema yao. Mama mmoja alitunong'oneza kwamba mzee mzima anachezea vigari, tumwombee. Tulimwambia amwombee apate rangi ya fedha kwa ajili ya rimu, maana kopo letu lilikuwa limekauka.

Vumbi la Taita

Gari lilimalizika wiki ya tisa. Lilikuwa linang'aa, jekundu la kuiva, boneti nyeusi isiyo na mkunjo, taa za ziada mbele. Tuliliweka kwenye kabati la vyombo. Baba alilitazama siku mbili, kisha akasema kuna kosa. Hakuna Safari inayomalizika kwa gari safi. Akiwa mtoto, Pasaka za miaka ya 1980, alisimama na baba yake kando ya njia karibu na milima ya Taita, na gari lilipopita hukuona rangi yake, uliona wingu jekundu.

Kijana akatumwa. Alileta kikombe cha udongo mwekundu wa nyuma ya nyumba, tukauchekecha kwa kichujio cha chai, chetu kizuri, ukawa laini kama unga wa wimbi. Baba akaupaka kwa brashi kavu: mwingi nyuma ya magurudumu, kiasi chini ya milango, kidogo sana kwenye kioo, akiacha alama ya pale vifutio vya mvua vilipopita. Brashi ilikuwa mkono wa kulia. Gari alilishika kwa wa kushoto, kati ya gumba na kidole cha shahada.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na wageni wa kikundi chetu cha akina mama. Binti yetu mdogo alifuta nyumba tangu asubuhi, akapanga vikombe, na alipofika kwenye kabati akaona gari lina vumbi. Alichukua kitambaa cha maji. Baba alipoingia kutoka bafuni likawa linang'aa tena kama siku ya kwanza, na mtoto amesimama kando yake anangoja kusifiwa.

Sisi tulishika vichwa. Baba alimtazama mtoto, akalitazama gari, kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha zamani cha barabarani, mpaka akalazimika kujishika kwenye meza. Alipopata pumzi alimwita kijana.

"Nenda ulete kikombe kingine," alisema. "Na chujio la mama yako."